Kitabu cha Bi. Jotham Sifuna

Rispah Nekoye aliandika kitabu kimoja tu maishani mwake, na jina lake halimo. Nayasema haya mapema ili msomaji asisubiri nimfichulie siri mwishoni. Siri haipo. Kitabu kipo, ni kidogo, jalada lake la kijani limefifia, kinaitwa Mboga za Kwetu Malakisi, na juu ya jalada imeandikwa Bi. Jotham Sifuna. Jotham Sifuna ni mumewe.

Mimi ni fundi cherehani. Miaka hiyo nilikuwa nimekodi nusu ya chumba pale Tuwan, Kitale, na nusu ya pili alikuwa nayo Wacera, ambaye mtaani tulimwita Mama Ngari kwa jina la kifungua mimba wake. Alikuwa na kompyuta moja na printa yenye kelele kuliko cherehani yangu, na wateja wake wakubwa walikuwa walimu. Enzi hizo kila mwalimu wa shule ya msingi alikuwa amerudi kuwa mwanafunzi. Likizo ikifika wanajazana vyuoni kutafuta diploma. Kabla ya diploma lazima waandike projekti, na mwisho wa projekti lazima kuwe na orodha ya marejeo, yaani vitabu vyote walivyosoma au wanavyodai kuwa wamevisoma.

Hapo kwenye orodha ndipo jasho lilipowatoka. Jina la mwisho la mwandishi linatangulia, kisha koma, kisha herufi ya kwanza ya jina lake jingine na nukta, mwaka ndani ya mabano, jina la kitabu kwa herufi za mlazo, mji, nukta mbili, mchapishaji. Vyeo havitakiwi. Dkt., Mchg., Bw. na Bi. vyote vinakatwa. Halafu orodha nzima inapangwa kwa alfabeti. Wacera alikuwa na karatasi ya masharti hayo kutoka chuoni, ameibandika ukutani kwa selotepu, na mwalimu akileta ubishi alimwonyesha sharti kwa rula. Sijawahi kuona mtu akipenda koma namna ile.

Sasa nirudi kwa Rispah. Alizaliwa Malakisi, akasomea ualimu, akaolewa hapohapo Malakisi na Jotham, mkulima wa tumbako. Mwishoni mwa miaka ya sabini tumbako ilikuwa imekula mashamba hadi milangoni mwa nyumba. Watu walikuwa na moshi wa kukaushia majani lakini hawakuwa na mboga ya jioni. Rispah alifundisha watoto wadogo na alikuwa katibu wa umoja wa akina mama wa kanisa lao. Akaanza kupita jikoni kwa vikongwe akiuliza. Managu hutolewa uchungu vipi? Saga hulazwa kwenye maziwa kwa muda gani? Mrenda unalainishwa kwa chumvi ya majivu ya nini, na mbegu hufichwa wapi panya wasizifikie? Aliyoambiwa aliyaandika kwa mkono, na kila mboga aliipika mwenyewe kwanza kuhakikisha hajadanganywa, maana vikongwe wengine walikuwa wachokozi. Mwaka 1979 kanisa likamchapishia.

Kuhusu jina, nieleze desturi, la sivyo mtu wa leo hatanielewa. Katika umoja ule, mwanamke aliyefunga ndoa kanisani, kwa pete, aliitwa kwa jina zima la mumewe. Bi. Jotham Sifuna. Bi. Zakaria Fulani. Hata kwenye daftari la mahudhurio ilikuwa hivyo. Aliyebaki akiitwa Rispah, au Pauline, au Nekoye, ni yule ambaye mume wake alikuwa hajampeleka madhabahuni, na kila mtu alijua maana yake. Kwa hiyo jalada lilipotoka na Bi. Jotham Sifuna juu yake, Rispah alifurahi sana. Tusimsingizie uchungu ambao hakuwa nao siku hiyo. Jotham alinunua kreti ya soda, na wageni wakanywa wakimpongeza mwenye mke.

Baadaye walichoka na tumbako. Walipata shamba Naitiri, wakahamia huko kulima mahindi, na Rispah akapata uhamisho wa shule. Vitabu vilivyosalia Malakisi vililiwa na mchwa ghalani mwa kanisa. Yeye alibaki na nakala moja, na hakuna aliyemuuliza habari zake kwa muda mrefu.

Mboga zikarudi. Miaka ya elfu mbili ilipoingia, akina mama wa soko la Kitale waliokuwa wakiona haya kuuza managu walianza kuyapanga mbele ya kabeji, wataalamu wakasema yanaongeza damu na nguvu, na walimu wakaona hapo pana mada ya projekti. Mwalimu mmoja, sijui alikipata wapi kile kitabu, ndiye wa kwanza kukiweka kwenye orodha ya marejeo. Alifuata masharti vizuri kabisa. Akakata Bi., akatanguliza Sifuna, akaweka koma, akamalizia na J. Wa pili hakukiona kitabu. Alinakili kutoka kwa wa kwanza. Wa tatu alinakili kutoka kwa wa pili, na hivyo hivyo, mpaka vidole vya Wacera vikawa vinaijua njia bila kuangalia: Sifuna, J. (1979).

Kibaya zaidi, walianza kumsifu. Kuna mmoja alileta karatasi iliyosema kwamba Bw. Sifuna alikuwa mwanamume wa kwanza upande huo kuthubutu kuingia jikoni kwa wanawake na kuchungulia vyungu vyao. Wacera alinisomea kwa sauti, nikacheka mpaka nikajidunga sindano. Mwanamume wa Malakisi, miaka ile, achungulie chungu cha mama mkwe? Angefukuzwa kwa mwiko, na wazee wangedai mbuzi. Aliyeandika vile alikuwa mtu wa Bungoma kabisa na alijua. Hakufikiri tu, na kutofikiri ndiko kunakonikera kwa watu waliosoma.

Sifa zikamfikia Jotham mwenyewe huko Naitiri. Mwanzoni alicheka. Kisha akanunua kofia ya pama. Kisha shule moja jirani ikamwalika aje kuwahutubia wazazi kuhusu mboga za kienyeji, na usiku wa kuamkia siku hiyo akamuuliza mkewe aseme nini. Rispah alimwambia. Kesho yake alikaa mstari wa mbele, na kila Jotham alipokwama alimgeukia, naye akamtamkia kwa midomo bila sauti. Wazazi walipiga makofi. Rispah alituambia kwamba yeye pia alipiga makofi na kucheka, na kwamba walipofika nyumbani alienda nyuma ya jiko akalia kwa hasira.

Mwaka 2006, ukiwa umebaki mwaka mmoja tu wa kustaafu, alikuwa akimaliza diploma yake mwenyewe kwa masomo ya likizo kule Bungoma. Alitaka kustaafu nayo mkononi. Projekti yake ilihusu bustani za shule, na kitabu chake mwenyewe kilikuwa ndani ya marejeo. Aliileta kwa Wacera imeandikwa kwa mkono safi wa mwalimu, akaacha, akaenda sokoni. Aliporudi kuichukua alisoma ukurasa wa mwisho akiwa amesimama.

"Mama Ngari, hii si ile nilikuandikia."

"Ni hiyo, Mwalimu. Mahali umekosea tu ndio nimekurekebishia. Ulikuwa umeweka R. Huyu mtu ni J. Mimi namjua huyu, nimemtaipu sana."

"Unamjua?"

"Sifuna wa mboga! Si ni wa huko kwenu Naitiri? Ati siku hizi hata anavaa pama."

"Huyo ni bwana yangu."

Wacera alipiga makofi. "Aki! Kumbe wewe ndio bibi ya mwandishi!"

Rispah alitoa kitabu kwenye mkoba, amekifunga kwa karatasi ya nailoni, akakiweka juu ya kibodi. Akamwambia asome juu hapo.

"Bi. Jotham Sifuna," Wacera akasoma.

"Sasa huyo ni nani?"

Wacera aliinua rula kwa mazoea, akaitazama karatasi ya ukutani, akaishusha. "Ni wewe," alisema polepole. "Lakini Bi. inatolewa, Mwalimu. Sheria ndio hiyo, si mimi."

"Ikitolewa, mimi nabaki wapi?"

Niliachia pedali ya cherehani. Wacera aliinua rula tena, akayapitia masharti ya ukutani hadi la mwisho. Mwishowe aliketi, akafuta J, akaweka R, akaprinti upya. "Lakini usiseme sikukuambia," akasema. "Hao watu wa chuo watairudisha."

Waliirudisha. Mhadhiri aliyemsimamia aliitwa Wabwile, kijana wa Bungoma mwenye adabu zake, na kwa haki siwezi kumlaumu sana. Alimwonyesha Rispah projekti za miaka iliyopita, zote zikisema J. Alimwonyesha jalada la kitabu, ambalo halina R popote, na ile Bi. kwake ilikuwa cheo tu cha kukatwa.

"Mama, vile kitabu inasema ndio tunaandika," alimwambia. "Nikikubali R, kesho mtu atasema umejipatia kazi ya mzee wako. Hiyo inaitwa wizi wa maandishi, na wewe umebakisha kidogo tu. Andika J, nikusainie saa hii."

Rispah aliomba arudishiwe karatasi zake. Wabwile akaona kwamba yuko tayari kuondoka bila diploma, akalegeza kidogo. Akasema basi mwenye jina aje mwenyewe aseme mbele yake, lakini iwe kabla wiki haijaisha, kwa sababu baada ya hapo majina ya wanaofuzu yanapelekwa na hakuna likizo nyingine kabla Rispah hajastaafu.

Kila mtu alimwambia aandike J. Walimu wenzake walimwambia ni herufi moja tu. Binti yake Pauline alimpigia simu kutoka Eldoret akamwambia mama, pita, nenda nyumbani, kitabu tunakijua ni chako. Wacera alimwambia. Mimi pia nilimwambia, na nilidhani namshauri vyema. Alinitazama kana kwamba nimemshonea sketi upande.

"Wale wengine walikosa kwa kutojua," alisema. "Mimi nikiandika J kwa mkono wangu, nitakuwa nimesaini."

Basi ikabaki Jotham. Ya nyumbani alitusimulia Rispah baadaye, na Jotham alikuwepo akisikiliza na hakukanusha. Alimweleza mumewe wakati wa chakula, akamwambia anatakiwa Bungoma. Jotham alitafuna kwa muda mrefu. Shule ile ilikuwa imemwalika tena, safari hii kwa siku ya mbegu, na chifu angekuwepo.

"Mama Pauline," alisema, akitamka l kama r kwa kawaida yake, "si jina ni retu sote? Wewe Sifuna, mimi Sifuna."

"Kwa hivyo ni sawa ukija," Rispah akasema.

"Sasa unataka watu waseme nirikuwa mwongo?"

"Sikuiti useme kitu," Rispah akamjibu. "Nakuita uulizwe tu."

Asubuhi Jotham alivaa koti na pama yake, wakaenda. Njiani alizungumza juu ya mvua na bei ya mbolea, na Rispah hakujua atasema nini. Aliniambia kwamba alikuwa ameogopa kuliko siku ya harusi. Alikuwa ameweka diploma nzima kwenye mdomo wa mtu aliyezoea kupigiwa makofi, na alijua kabisa kwamba mumewe, ambaye si mtu mbaya, hupenda makofi.

Wabwile aliwakaribisha, akamwachia mzee kiti kizuri. "Mzee, wewe ndiye J. Sifuna?"

"Ndio mimi."

"Hiki kitabu ni chako?"

Jotham alikishika, akakigeuza nyuma na mbele. "Kina jina rangu," akasema.

Rispah aligeukia dirisha. Wabwile aliitikia kwa kichwa taratibu, akakichukua kitabu, akakifungua katikati. Nadhani aliuliza kwa heshima tu, kama mtu anavyomuuliza mgeni habari za kwao. "Hapa mmeongea juu ya saga. Mama yangu akipika inakuwa chungu sana. Huo uchungu huwa mnatoa aje?"

Jotham alikohoa. Alivua pama, akaiweka kwenye goti. Halafu akafanya alichokuwa amezoea kufanya: akageuza shingo, akamtazama mkewe, akasubiri.

Rispah alikuwa akitazama dirishani. Midomo yake ilikuwa imefungwa. Jotham alisubiri, na jibu halikuja, na bado hakuyaondoa macho usoni pake. Wabwile alimtazama mzee, akafuata macho yake mpaka kwa mama, akarudi tena kwa mzee. Akafunga kitabu.

"Muurize huyu," Jotham akasema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Hata mimi huwa namuuriza huyu. Mimi nirikuwa kwa tumbako."

Ndipo Rispah alipogeuka na kueleza. Majani huchemshwa, maji ya kwanza yanamwagwa, majani yanatiwa maziwa ya mala, yaliyoganda, na kulazwa, kesho yake yanapashwa moto na kuongezwa maziwa mengine, na mwenye haraka ya kula siku ya kwanza asilalamike. Wabwile aliandika, sijui kama ni kwa ajili ya chuo au kwa ajili ya mama yake. Kisha akachukua ule ukurasa wa marejeo, akatia sahihi pembeni kwamba mwandishi amethibitishwa, na akamwambia Rispah akaweke jina lake vile linavyopaswa, alete nakala safi.

Diploma aliipata. Mwaka uliofuata alistaafu, shule ikampa blanketi na themosi, na kwenye hotuba mwalimu mkuu akataja bustani. Ile shule jirani ilipata mzungumzaji mwingine wa siku ya mbegu. Sitadanganya kwamba mambo yote yalinyooka. Projekti za zamani ziko makabatini na zinaendelea kusema J, na walimu wavivu wanaendelea kunakili kutoka humo. Wacera alikuwa akiwasahihisha wanaopita kwake, na wengine walikasirika wakampeleka kazi mtu mwingine. Yeye hakujali, jambo lililonishangaza, maana alikuwa mtu wa kujali wateja.

Lakini ninachokikumbuka mimi ni siku waliyotoka Bungoma, walipopita kwa Wacera kuandaa ile nakala safi. Waliingia wote wawili. Jotham akaketi kwenye benchi langu, pama mkononi, na Wacera akafungua orodha kwenye kompyuta akaufikia mstari wenyewe.

"Sawa, Mwalimu. Sifuna, R. Si ndio?"

"Hapana," Rispah akasema. "Andika Nekoye, R."

Wacera alimgeukia. "Kitambulisho yako si inasema Sifuna?"

"Kitambulisho inasema Rispah Nekoye Sifuna. Hiyo ya mwisho ni ya huyu. Ameshaitumia."

Wacera alitazama karatasi ya ukutani mara moja, kisha akaipa mgongo. Alifuta, akaandika, na kwa kuwa orodha inakwenda kwa alfabeti, jina halikuweza kukaa pale lilipokuwa. Aliushika ule mstari wote, akaung'oa kule chini kwenye S, akaupandisha hadi kwenye N, na mistari mingine ikasogea kuupa nafasi. Printa ikapiga kelele zake. Rispah alisoma ukurasa ungali moto, Nekoye, R. (1979), akausoma tena, kisha akampa mumewe.

Jotham si msomaji wa haraka. Aliuweka ukurasa kwenye goti, akaanzia chini, mahali alipokuwa ameonyeshwa na walimu mara nyingi. Alipitisha kidole kwenye S zote, akarudi juu, akashuka tena.

"Mama Ngari," akauliza, "sasa mimi niko wapi hapa?"

"Hauko, Mzee," Wacera akamjibu, bila ubaya.

Kidole chake kilibaki palepale kwenye S. Rispah alikuwa akifunga kitabu chake ndani ya nailoni, na alisema bila kuinua macho.

"Ndivyo na mimi nilikuwa nafanya, Baba Pauline. Kila projekti waliyokuletea nilikuwa napitisha kidole hivyo hivyo."

Jotham alikiondoa kidole kwenye karatasi, akamrudishia.